Oili ya giaboksi ya manyuo: soma GL kabla ya kusoma bei

Wenye Subaru Impreza WRX ya manyuo, mkifika dukani msiombe "oili ya gia" tu. Giaboksi yake ya gia 5 inatumia oili moja pamoja na difu ya mbele (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele), na meno ya difu hiyo husagana kwa kuteleza, chini ya mzigo mkubwa. Ndiyo maana inataka GL-5 (GL ni daraja la oili ya gia: namba kubwa, kinga zaidi kwa meno yenye mzigo), kwa kawaida yenye unene wa 75W-90, kama lita 3.5 hivi. Ukiweka GL-4 gia zitaingia vizuri tu, huku difu ikilika kimyakimya.

Sasa usimshauri jirani mwenye Honda Civic Type R afanye hivyohivyo. Giaboksi yake haina meno ya namna hiyo, na Honda wanataka oili yao ya giaboksi ya manyuo, MTF, ambayo ni nyepesi zaidi. GL-5 inateleza mno kwa sinkronaiza, pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla haijaingia: zinahitaji msuguano kidogo ili zishike, la sivyo gia ya 2 inakwaruza. Baadhi ya dawa zilizomo kwenye GL-5 hula hata pete hizo zikiwa za shaba.

Nami nasisitiza hili: neno "sport" kwenye kopo halikuambii kitu. Fungua kitabu cha gari, tafuta GL na unene, kisha linganisha na kopo mkononi. Na kama giaboksi yako ina nati ya kujazia, mwambie fundi aifungue kwanza. Ikikataa kufunguka baada ya kumwaga oili ya zamani, gari halitoki gereji siku hiyo.