Jaribu jiwe kabla hujalitegemea

Kwenye miamba inayopandwa kwa mikono na miguu, ligonge kila jiwe kwa kiganja au ncha ya buti kabla ya kuliwekea uzito wako. Likitoa mlio mkavu, limeshika. Likitoa sauti kama ya kitu kilicho kitupu ndani, au likicheza hata kidogo, liache. Hata lililo imara likandamize kuelekea chini. Ukilivuta kuja kwako unalichomoa kama droo. Mkono au mguu mmoja tu ndio uhame kwa wakati mmoja, vingine vitatu vibaki vimeshika.

Usiamini jiwe kwa sababu mwaka jana lilikubeba. Maji yakiganda ndani ya nyufa hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kulegeza mwamba, kisha jua likiyeyusha ile barafu mawe huanza kudondoka. Makorongo yavukwe alfajiri, kungali baridi. Mvua ikinyesha, epuka utando mweusi unaoota juu ya mwamba; huo huteleza kuliko mwamba wenyewe.

Kushuka ndiko kugumu zaidi, kwani pa kuweka mguu hapaonekani. Kwenye mwinuko mkali geuka, uso uelekee mwamba. Jiwe likikuponyoka, paza sauti “Jiwe!” hata kama huoni mtu chini.