SOMO: Mlango wa kutokea uko karibu na mwanzo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi wetu huanza kuomba ushindi tukiwa tumeshazama katikati ya jaribu. Paulo anasema Mungu atafanya "mlango wa kutokea" (1 Wakorintho 10:13), na nilivyouona mimi, mlango huo ni mpana mwanzoni, ila kila ukisogea ndani unazidi kuwa mwembamba.

Hatua ya 1: Ijue saa yako.
Daudi alibaki Yerusalemu wakati wa wafalme kwenda vitani. Jioni akainuka kitandani, akatembea juu ya dari, na hapo ndipo alipomwona mke wa mtu akioga, akaanguka (2 Samweli 11). Saa yangu mbaya ni baada ya saa tano usiku: watu wamelala, simu mkononi, mwanga nimeufunika kwa shuka kama mtoto anayeiba sukari. Yako ni ipi? Iandike.

Hatua ya 2: Kata njia mapema.
Mke wa Potifa alimsumbua Yusufu, mtumwa wa mumewe, siku baada ya siku. Mwanzo 39:10 inasema alikataa kulala naye, akakataa hata kukaa naye. Hilo la pili ndilo tunalojiruhusu. Simu yangu sasa inalala sebuleni. (Ndiyo, nimenunua saa ya kengele.)

Hatua ya 3: Jibu kwa Neno unalolielewa.
Jangwani Yesu alimjibu Shetani mara tatu, zote kutoka Kumbukumbu la Torati. Lakini Shetani naye alinukuu Zaburi ya 91! Kukariri peke yake hakutoshi. Chagua mstari mmoja unaogusa jaribu lako, kisha soma sura nzima ulimotoka.

Hatua ya 4: Ikibidi, kimbia.
Shetani tumeambiwa tumpinge (Yakobo 4:7), zinaa tuikimbie (1 Wakorintho 6:18). Sisi tunakemea pepo huku tumekaa kochi moja na mtu tuliyepaswa kumkimbia. Yusufu aliacha vazi lake, akatoka mbio. Na gerezani alikwenda vilevile, kwa kusingiziwa, kwa hiyo usitegemee kupigiwa makofi.

Hatua ya 5: Mwambie mtu mmoja aliyekomaa. Mmoja, si kikundi kizima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mtumishi, wazo baya likinijia tu, nimeshatenda dhambi?
Jibu: Hapana, mpendwa. Yesu mwenyewe alijaribiwa, bila kufanya dhambi (Waebrania 4:15). Yakobo anasema tamaa huvuta, ikachukua mimba, ndipo ikazaa dhambi. Wazo likibisha hodi si kosa lako. Ukilivutia kiti, hapo ni habari nyingine.

Swali: Nilifunga siku tatu, nilipofungua tu nikaanguka. Kufunga hakusaidii?
Jibu: Kunasaidia, lakini Yesu alijaribiwa baada ya siku 40 za kufunga, akiwa na njaa. Siku ya kufungua ndiyo ya kujilinda zaidi. Tena Luka 4:13 inasema Ibilisi alimwacha "kwa muda" tu. Ungama leo (1 Yohana 1:9), usingoje kwanza ujisikie mtakatifu.

Swali: Anayenijaribu nafanya naye kazi ofisi moja. Nitamkimbiaje?
Jibu: Yusufu naye hakuacha kazi. Maongezi yawe ya kazi, mlango uwe wazi, na jumbe za usiku usizijibu. Ila kama ni mkubwa wako na anakulazimisha, huo ni unyanyasaji. Tunza ushahidi, toa taarifa.