Laptopu mbovu iwe seva ya bekapu nyumbani: ninavyoifunga hapa Tanga

Mteja anayenitoa jasho hapa Ngamiani si yule ambaye kompyuta yake haiwaki. Ni yule anayeingia na eksteno, yaani diski ya nje ya USB, ameizungushia leso, anasema, "Fundi, humu mna harusi ya watu." Diski inagonga tik, tik, na picha hazipo mahali pengine. Ukimuuliza bekapu, jibu ni lile lile: nilikuwa nafanya, nikasahau.

Basi siku hizi simfundishi mtu kukumbuka. Namfungia seva ndogo nyumbani, yaani kompyuta inayokaa imewashwa muda wote, inajichukulia nakala yenyewe. Faili zinatoka kwenye kompyuta yako zinapita kwenye ruta zinaingia kwenye seva, hazitoki nje ya nyumba, kwa hiyo hazili bando hata MB moja.

Hatua ya 1: tafuta laptopu, usinunue kompyuta ya mezani

Kompyuta ya mezani ya zamani ikila wati 50 usiku na mchana, ni uniti 36 za Luku kwa mwezi. Laptopu iliyozimwa kioo inaweza kutumia chini ya wati 15, yaani uniti kumi hivi. Halafu ina betri: umeme ukikatika, seva haianguki katikati ya kuandika. Kioo kikiwa kimepasuka au kibodi imekufa, si neno, kodi kibodi ya USB ya jirani kwa siku moja. Ila betri iliyovimba iondoe kabisa, hiyo ni moto.

Iwe ya biti 64. Mfumo tutakaoweka ni Debian, aina ya Linux, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32.

Iweke mbali na dirisha linalotazama bahari. Anayekaa Raskazone anajua chumvi inavyofanya bawaba za mlango; matundu ya USB nayo ni chuma tu. Iunganishe na ruta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Waya wa megabiti (Mb) 100 kwa sekunde unapitisha kama megabaiti (MB) 11, kwa hiyo GB 200 za mwanzo zitachukua saa tano hivi. Mara ya kwanza tu.

Hatua ya 2: Debian

Sakinisha kwa fleshi. Ukifika kwenye nywila ya root (msimamizi mkuu), iache wazi, ndipo mtumiaji wako atapewa `sudo`, ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi. Kwenye orodha ya programu ondoa alama zote za mwonekano wa dirisha, acha SSH (ya kuingilia seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na zana za kawaida. Kisha weka Samba (inayoifanya Windows ione folda ya seva), rsync (ya kunakili) na cron (ya kuamsha kazi kwa saa yake), upange na saa za hapa:

```
sudo apt install samba rsync cron
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, andika `HandleLidSwitch=ignore`, uwashe upya. Bila hiyo, ukifunika laptopu inalala. Ingia pia kwenye ruta uipangie seva anwani isiyobadilika. Mimi natumia 192.168.1.50.

Hatua ya 3: diski ya kuhifadhia

Chomeka eksteno tupu, ndogo ile isiyohitaji adapta yake, ili nayo iishi kwa betri ya laptopu. Andika `lsblk` uisome kwa ukubwa wake. Kwangu inatokea `sdb1`. Kwako inaweza kuwa `sda1`. Hapa usikimbie, maana amri ya kwanza hapa chini inafuta kila kitu:

```
sudo mkfs.ext4 -L hifadhi /dev/sdb1
sudo mkdir /hifadhi
sudo chattr +i /hifadhi
```

Kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazopachikwa mashine ikiwaka, ongeza mstari huu:

```
LABEL=hifadhi /hifadhi ext4 defaults,nofail 0 2
```

Halafu:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
sudo mkdir /hifadhi/nakala /hifadhi/zamani
sudo chmod 700 /hifadhi/zamani
```

Ile `chattr +i` sikuisoma popote, ilinifundisha aibu. Seva yangu ya kwanza, waya wa eksteno ulilegea. Folda `/hifadhi` ilikuwa bado ipo, tupu, kwa hiyo nakala zikaanza kumwagika ndani ya diski ya mfumo. Wiki tatu nikiona kila kitu kijani, mpaka diski ya mfumo ikajaa na mashine ikagoma. Ukiifunga folda namna hii kabla ya kupachika diski, diski ikichomoka hakuna kinachoandikika, na Windows inaanza kulalamika siku hiyo hiyo. Bora ilalamike.

Hatua ya 4: Samba

```
sudo adduser nakala
sudo smbpasswd -a nakala
sudo chown nakala: /hifadhi/nakala
```

Mwisho wa `/etc/samba/smb.conf`:

```
[nakala]
path = /hifadhi/nakala
valid users = nakala
read only = no
```

Kagua kwa `testparm`, kisha `sudo systemctl restart smbd`.

Hatua ya 5: upande wa Windows

Fungua Control Panel, ingia File History (zana ya Windows ya kuchukua nakala), chagua mahali pa mtandao, andika `\\192.168.1.50\nakala`. Weka jina `nakala` na nywila uliyoipa kwenye `smbpasswd`, ukubali zikumbukwe. Kwa kawaida inachukua nakala kila saa, na inatosha. Muda wa kutunza matoleo ya zamani upunguze uwe mwaka mmoja. Ukiacha milele, diski itajaa.

Sasa jambo linalowaponza wenye steshenari na studio. File History inachukua maktaba (Libraries) za mtumiaji, kama Documents na Pictures, pamoja na Desktop. Sisi kazi zote tunazitupa kwenye diski D. Hazichukuliwi! Bofya kitufe cha kulia kwenye folda yako ya D, uiingize kwenye maktaba mojawapo, ndipo itahesabiwa.

Hatua ya 6: nakala isiyofikiwa na kirusi

Kirusi kinachofunga faili ili udaiwe pesa kikiingia kwenye kompyuta yako, kitaifikia pia folda ya Samba, maana kompyuta ina ruhusa ya kuandika humo. Kwa hiyo seva ijichukulie nakala nyingine, mahali ambapo Windows haipaoni. Tengeneza `/usr/local/sbin/weka-zamani`:

```
#!/bin/sh
mountpoint -q /hifadhi || exit 1
Z=/hifadhi/zamani
LEO=$(date +%F)
rsync -a --link-dest=$Z/mwisho /hifadhi/nakala/ $Z/$LEO/ &&
ln -sfn $Z/$LEO $Z/mwisho
```

Ipe ruhusa ya kukimbia kwa `sudo chmod +x /usr/local/sbin/weka-zamani`, kisha kwenye `sudo crontab -e`:

```
0 21 * * 0 /usr/local/sbin/weka-zamani
```

Hiyo ni Jumapili saa tatu usiku. Cron haijui saa za Kiswahili. Ukiandika 3 itaamka saa tisa usiku.

Mara ya kwanza itanakili kila kitu, kwa hiyo diski iwe zaidi ya mara mbili ya data yako. Baada ya hapo faili ambayo haijabadilika inaunganishwa tu na ile ya wiki iliyopita, haili nafasi. Mwisho wa mwezi tazama `df -h`. Ikizidi asilimia 80 futa folda za tarehe za zamani kwa mkono.

Hatua ya 7: irudishe

Wengi wanaishia hatua ya 6. Chukua laptopu nyingine, vuta albamu moja kutoka kwenye seva, zifungue picha kumi uzitazame kwa macho. Mimi hufanya kila mwezi, na mara mbili nimekuta folda iliyosahaulika nje ya maktaba.

Mwizi na moto havichagui diski, kwa hiyo eksteno ya pili nainakilia kila mwezi na kuipeleka Muheza kwa dada. Inakaa kabatini kwake chini ya kanga.

Na kabla hujaondoka, bandika karatasi kwenye plagi ya seva, wino mnene: USICHOMOE. Kwangu ilichomolewa mara ya kwanza na mtu aliyekuwa anatafuta pa kuchomeka pasi.