Kufuga mbwa ukiwa chuoni Kampala: niliyojifunza kwa Doria

Nimelelewa Jinja, kambini, baba akiwa askari. Mbwa wa kule walikuwa wa watu wote, kwa hiyo hawakuwa wa mtu. Walikula makombo ya jikoni, walilala chini ya malori, na mmoja akiugua alijua mwenyewe pa kwenda kufia. Nilipoingia Chuo Kikuu cha Kyambogo kusomea ualimu wa Kiswahili na historia, nikapata chumba mtaa wa Banda, jirani na chuo, nikajiona fundi wa mbwa. Mbwa wangu wa kwanza alikufa mikononi mwangu kabla hajamaliza mwezi. Wa pili anaitwa Doria, ana miaka miwili na nusu, na sasa hivi ameweka kidevu juu ya mguu wangu. Haya nawaandikia wanafunzi wenzangu mnaotamani kufuga, hasa mnaoishi kwenye muzigo kama mimi, vyumba vya mstari mmoja na ua wa pamoja. Walio hosteli wasihangaike. Kama mbwa haruhusiwi, kumficha ni kumtesa.

Kabla hujamtafuta mbwa, tafuta watu. Muhula ni wiki 17, 15 za masomo na mbili za mitihani. Sisi wa ualimu tuna pia mazoezi ya kufundisha, ambayo yanaweza kukupeleka wilaya nyingine kwa wiki kadhaa. Shahada itakwisha baada ya miaka mitatu, na mbwa aliyetunzwa vizuri huishi 10 na zaidi. Nilichukua daftari nikaandika maswali matatu. Nani atamlisha siku nikichelewa? Nani atamchukua nikienda kufundisha? Atakuwa wapi nikimaliza chuo? Swali la pili lilinichukua miezi miwili kulijibu, mpaka mama alipokubali kule Jinja. Sikuleta mbwa kabla ya jibu hilo, na wewe usilete kabla hujajaza la kwako.

Kisha kuna mwenye nyumba. Nilimwendea Jumapili mchana, ametulia, nikapiga magoti kama wenyeji wafanyavyo.

“Nalongo, nimekuja kukuomba jambo. Nataka kufuga mbwa.”

“Mwanangu, mbwa akilia usiku wapangaji wakahama, kodi yao utalipa wewe?”

Swali lake lilikuwa la haki, kwa hiyo sikubishana. Nilimwomba mwezi mmoja wa majaribio, nikamwahidi kwamba kinyesi nitazoa mimi kila asubuhi na kila jioni, na kwamba mbwa hatafunguliwa watoto wakiwa wanacheza uani bila mimi kuwepo. Ahadi ya kinyesi ndiyo iliyomlainisha. Ishike hiyo, maana ugomvi mwingi wa mbwa kwenye ua wa pamoja huanzia hapo, na minyoo ya mbwa huwaingia watoto wachezao kwenye mchanga uliochafuliwa. Dawa ya minyoo nampa Doria kila baada ya miezi mitatu.

Niliyemwogopa kuliko Nalongo ni Hajati wa chumba cha pili. Ana swala tano, na kwa madhehebu ya Shafi chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Nilimwendea naye mapema, kabla mbwa hajafika. “Binti yangu,” akaniambia, “mimi kiumbe wa Mungu simchukii. Nataka tu kanga yangu ya kuswalia ibaki safi.” Tukapatana hivi: bakuli la mbwa linakaa upande wangu mbali na bomba, kamba ya nguo zake ikahamishiwa ukuta wa pili, na anapotoka kutawadha Doria anakuwa amefungwa au yuko ndani. Tangu siku hiyo hatujawahi kukosana. Mwaka jana ni Hajati huyo aliyenipigia simu nikiwa darasani, akisema mbwa hajagusa maji tangu asubuhi. Nisingekuwa nimeongea naye, nisingekuwa na macho hayo uani.

Sasa niseme juu ya yule wa kwanza. Nilimnunua barabarani, wa majuma sita, tumbo limejaa minyoo. Nilimpeleka duka moja la dawa za mifugo, muuzaji akafungua droo ya meza, akatoa kichupa cha chanjo, akamchoma. Droo, si friji. Chanjo inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwenye sindano, na ikishapata joto inakuwa maji tu. Sikulijua hilo. Wiki ya mitihani ya kati alianza kutapika, halafu akahara damu yenye harufu ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Ilikuwa pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Siku ya tatu nilitoka kwenye mtihani nikamkuta bado anapumua, nikamshika, akaenda. Nililia na nilifeli karatasi ile, na sioni haya kuyasema.

Kwa hiyo: daktari wa mifugo aitoe chanjo kwenye friji au kwenye boksi la barafu mbele ya macho yako, na kibandiko cha kichupa kibandikwe kwenye kadi ya mbwa. Chanjo ya mchanganyiko, yenye pavo ndani yake, huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Kabla hazijaisha usimshushe chini penye mbwa wengine, mbebe. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa baada ya mwaka. Ulizia kwa maofisa mifugo wa eneo lako karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa kampeni za chanjo ya bure mara nyingi hufanyika siku hizo. Makerere, kwenye chuo chao cha tiba ya mifugo, kuna kliniki ya wanyama wadogo. Na kama huna mbwa bado, chama cha kutetea wanyama, USPCA, hapa Kampala hupokea mbwa waliotupwa na kuwatafutia makao. Mbwa mzima wa namna hiyo namsifu kuliko mtoto kwa mtu mwenye vipindi vya asubuhi: amekwisha kukua, anashika mkojo, na tabia yake unaiona kabla hujamchukua. Doria nilimpata akiwa wa mwaka mmoja.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wako, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili mgonjwa haponi.

Siku zetu zinakwenda hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunatoka, kando ya reli kuelekea Kireka, dakika 40, kamba mkononi hata kama njia ni tupu. Nimejaribu kuyaruka matembezi hayo nipate kusoma, na kila mara nimelipa mchana: anatafuna viatu, anachimba mlangoni, anabweka. Akitembea vizuri asubuhi analala mpaka saa saba. Mchana nikiwa na nafasi kati ya vipindi narudi kwa miguu, robo saa, anakojoa, anakunywa, naondoka. Jioni dakika 20 tu. Chagua chumba kilicho karibu na chuo hata kama ni kidogo. Mwanafunzi anayepanda teksi mbili (daladala za hapa kwetu) kwenda darasani, akasimama kwenye foleni ya barabara ya Jinja, ni vigumu sana kumtendea mbwa haki.

Kumzoeza kubaki peke yake kulinichukua likizo nzima, na ndiyo kazi ninayojivunia. Nilitoka dakika moja nikarudi, dakika tano nikarudi, nusu saa. Sikumuaga kwa maneno mengi wala sikumshangilia niliporudi, ili kutoka kwangu kuwe jambo la kawaida. Akilia nilisubiri anyamaze kwanza ndipo nifungue. Siku za vipindi virefu namwachia goti la ng'ombe bichi kutoka kwa muuza nyama, kubwa kuliko mdomo wake asiweze kulimeza. Lililopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha.

Chakula kinawatisha wengi bila sababu. Doria ana kilo 15, wa kienyeji, na anakula posho, yaani ugali, na mukene. (Wasomaji wa Mwanza, mukene ni dagaa wenu wale wale wa ziwa, wa Kisumu, ni omena.) Kwa siku ni kikombe kimoja na nusu cha unga na konzi mbili za mukene, nimegawa asubuhi na jioni, na mara mbili kwa wiki naongeza mapafu ya ng'ombe au yai. Mukene uliokaushwa chini huja na mchanga. Upepete, uoshe, uuanike tena, uukaange bila mafuta, uutwange. Nautia kwenye kopo lenye mfuniko, na hilo ndilo linaloniokoa wiki za mitihani, maana posho nasonga pamoja na yangu kwenye sigiri moja, jiko la makaa, nachota unga wa mukene, kazi imekwisha. Fedha ya chakula chake naitoa siku ileile nyumbani wanaponitumia matumizi kwa simu, nanunua unga wa mwezi kabla sijanunua kitu kingine.

Unga wenye ukungu usimpe kamwe. Watu husema “huu wa mbwa”, wakimtengea mahindi yaliyooza, na sumukuvu iliyomo huharibu ini lake mpaka afe. Usimpe rolex uliyobakiza, ile chapati ya kukunjia mayai, ina vitunguu, na vitunguu huvunja damu ya mbwa. Mifupa ya kuku wa kukaanga vilevile hapana. Akiwa na homa usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni inaweza kumwua.

Kupe nawatafuta kwa vidole kila jioni tunaporudi: masikioni, kati ya vidole, chini ya mkia. Kupe huleta homa: ufizi ukipauka au mkojo ukigeuka wa kahawia, ni kliniki siku hiyo, kesho ni mbali. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo watu huipima kwa kukisia na kummwagia mbwa, niliona ilichomfanya mbwa wa jirani. Mwulize daktari dawa ya mbwa na kipimo chake.

Kama ni jike, panga mapema. Doria aliingia joto wiki ya 14 ya muhula. Kwa karibu wiki tatu madume ya Banda nzima yalilala mlangoni pangu, yakipigana, na Nalongo akanikumbusha habari ya kodi. Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka na mimba yake ni kama siku 63, hesabu mwenyewe itaangukia wapi kwenye ratiba yako. Nilimfanyia upasuaji wa kumtoa kizazi wiki ya kwanza ya likizo, makusudi, kwa sababu kidonda kinataka siku 10 hadi 14 za kumzuia asiruke wala asijirambe, na mtu wa kumzuia lazima awepo. Fedha yake niliikusanya muhula mzima kwa kufundisha watoto wawili wa mtaani Kiswahili jioni.

Mazoezi ya kufundisha yalipofika nilipangiwa shule ya mbali. Kondakta wa teksi hatakubali mbwa, na boda boda kwa mwendo wa kilomita 80 ni hatari kwa wote. Nilimwomba mjomba anayepeleka bidhaa Jinja kwa pikapu, tukamfunga Doria kwa kamba fupi nyuma ya viti, sikumpa chakula asubuhi hiyo ili asitapike, tukasimama Lugazi anywe maji. Wiki moja kabla mama alikuwa amekuja Banda, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe siku mbili. Usimkabidhi mbwa kwa mtu ambaye hajawahi kumshika.

Nilimwachia mama kadi ya chanjo, nambari ya daktari, kopo la mukene, shuka langu ambalo halijafuliwa, na karatasi hii, ambayo bado imebandikwa mlangoni mwa jiko lake:

“Unga kikombe kimoja na nusu kwa siku, kigawanywe mara mbili. Maji yawepo daima. Asifunguliwe usiku, hajaijua njia. Watoto wasimsogelee akila. Tafuta kupe masikioni. Anaogopa radi: mvua ikianza kutoka ziwani mfungulieni jiko, ataingia nyuma ya gunia la makaa, mwacheni hapo mpaka atoke mwenyewe.”