Mto Ukifura: Kuendesha Boti Nyembamba Thames Inapojaa

Boti nyembamba za Uingereza ziliundwa kwa ajili ya mifereji, na kwenye mfereji maji yamelala. Upana wake ni mita 2 na kitu, urefu unaweza kufika mita 21, tumbo ni bapa, na ile ya chuma yenye mita 18 ina uzito wa tani 15 na zaidi. Ukiipeleka Thames mwezi wa Januari, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, utashika kana ileile, yaani mkono wa usukani, lakini boti haitakusikia kama ulivyozoea. Naishi botini karibu na Oxford, na Waswahili wenzangu wanaokodi boti au wanaoanza maisha ya majini huniuliza waanzie wapi. Anzieni kwenye ubao.

Environment Agency, wanaousimamia mto huu, huweka mbao za tahadhari kwenye loki, yaani vile vyumba vyenye malango vinavyopandisha na kushusha boti. Ubao mwekundu maana yake mkondo ni mkali, na boti zote zinashauriwa zisitembee. Wa manjano ni wa aina mbili: mmoja unasema mkondo unaongezeka, mwingine unapungua. Soma maneno, usitazame rangi tu. Ukiongezeka, mwenye injini atafute mahali salama pa kufunga. Ukipungua, anaweza kwenda kwa tahadhari. Na mvua kukatika si mto kushuka. Dhoruba Henk ilipiga Januari 2, 2024, mbingu zikatulia, na Thames ikaendelea kupanda.

Ukiweza, ingia mfereji mapema: Oxford Canal pale Oxford, au Kennet and Avon pale Reading. Lakini chunga, kati ya Baker's Lock na Shipton Weir Lock Oxford Canal hupita ndani ya mto Cherwell, na kipande hicho hufura kama mto wowote.

Ukilazimika kubaki mtoni, kufunga boti ndiyo kazi yenyewe, na hapa sitaki mtu afanye haraka. Geuza omo, yaani mbele ya boti, litazame mkondo unakotoka. Kamba ya omo ndiyo ifungwe kwanza. Ukianza na ya tezi, yaani ya nyuma, maji yatapenya kati ya omo na ukingo, yatalisukuma omo nje, na tani zote hizo zitazunguka zikining'inia kwenye kamba moja. Usiamini vigingi vilivyopigwa kwenye udongo, kwa sababu udongo ukilowa unalegea na kigingi kinatoka kwa mkono. Tafuta pete za chuma au nguzo. Kamba ziwe ndefu, zivutwe mbali mbele na mbali nyuma, ili boti ipande na maji bila kuinamishwa. Iliyokazwa fupi inaweza kulalia ubavu maji yakipanda.

Kisha simamisha milunda au miti mirefu kati ya boti na ukingo. Maji yakishafunika nyasi, huoni tena ukingo uko wapi, na boti inaweza kuelea hadi juu ya malisho. Yakishuka usiku inabaki imekaa nchi kavu, au nusu yake inaning'inia. Kwa hiyo amka ukague kamba, maji yakipanda na yakishuka pia. Ya kushuka ndiyo watu huyalala.

Ikikukuta njiani mto ukianza kupanda, vaa jaketi okozi kabla hujafungua kamba. Maji ya baridi ya huku hukata pumzi hata kwa mwogeleaji hodari. Nanga iwe tayari omoni, mnyororo wake na kamba vimeunganishwa, mwisho umefungwa kwenye boti, urefu usiopungua mara tano ya kina. Injini ikizimika, na huzimika kwa sababu mawimbi huvuruga uchafu wa chini ya tangi la dizeli ukaziba filta, nanga ndiyo breki pekee uliyo nayo.

Piga hesabu ya mwendo. Mkondo ukiwa kilomita 5 kwa saa, na boti ikienda 8, ukipanda mto unasogea 3 tu. Ukishuka unakwenda 13, na ukipunguza moto usukani haushiki tena. Ukitaka kusimama, geuka kwanza palipo papana, mbali na daraja na kizingiti cha maji, yaani ule ukuta unaokata mto na maji yakamwagika juu yake. Usikubali boti ikae kimshazari mbele ya nguzo ya daraja. Daraja la Osney, Oxford, lina nafasi ya mita 2.28 kwa maji ya kawaida, na mto ukipanda nafasi hiyo inapungua, basi pima paa lako kabla hujaingia kwenye mkondo. Ukikaribia loki, shikilia upande wa loki tangu mbali, maana kizingiti kinavuta.

Ubao ukirudi wa manjano wa kupungua, zima injini, toa ufunguo, ndipo ufungue kifuniko kilicho juu ya rafadha, yaani pangaboi linaloisukuma boti. Ondoa matawi, nailoni na kamba zilizojizungusha, kisha rudisha kifuniko ukikaze mpaka kigome. Kikilegea, rafadha itasukuma maji hadi chumba cha injini, na boti inaweza kuzama ikiwa safarini.