Kama unaoga na slipas juu ya kuogopa stima, pima athi ya nyumba yako hivi

Nikiitwa kuangalia stima kwa nyumba ya mtu hapa Nairobi, kitu ya kwanza naangalia ni mlango wa bafu. Nikikuta slipas za mpira zimepangwa hapo kama nje ya msikiti, najua tayari, shawa inarusha. Na wenye nyumba washazoea, mgeni akija anaambiwa vaa hizo, na maji yakiwa yanatoka usishike bomba, basi maisha inaendelea. Mama mmoja huko Kasarani aliniambia "ni unyevu tu, fundi". Nikamwambia mama, unyevu haurushi mtu, hiyo ni laivu.

Mwongozo huu ni wa mpangaji, si wa fundi. Mambo mengi hapa utafanya bila kufungua skrubu hata moja, na nikifika mahali pa kufungua nitakwambia acha, tafuta mtu ako na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi. Kwa haya maandishi nikisema athi namaanisha ile waya ya kijani na manjano, si mto.

Kwanza elewa stima inaenda wapi

Watu wengi wanadhani stima inapenda udongo, ati ikipata upenyo inakimbia chini inamezwa huko. Hapana. Stima inatafuta kurudi ilikotoka, na ilikotoka ni kwa transfoma pale kwa nguzo. Inakuja na waya ya laivu, inapasha aini yako, inarudi na waya ya nyutro. Sasa pale kwa transfoma nyutro imefungwa na udongo makusudi, kwa hivyo udongo wote wa mtaa wenu umekuwa kama waya ingine ya kurudi. Ukigusa laivu na umesimama kwa simiti imelowa, stima inapita kwako, udongoni, mpaka transfoma. Wewe ndio umekuwa waya.

Na hii yetu si kama ya betri ya gari inayoenda upande mmoja. Inaenda na kurudi mara 50 kila sekunde, ndio ile 50Hz imeandikwa nyuma ya friji. Hata ile 240 ni kipimo cha kufanyia hesabu tu, kwa kilele cha kila wimbi inafika karibu volti 340. Ubaya wa kwenda na kurudi hivyo ni misuli, inakazwa tena na tena bila kupewa nafasi, kwa hivyo ukishika kwa kiganja vidole vinajifunga na huwezi achilia, na hiyo inaanza kwa miliampia 10 hivi (ampia ni kipimo cha stima inayopita, na miliampia 1000 ni ampia moja). Ikifika 30 na inapita kifuani, moyo uko hatarini.

Hebu piga hesabu. Mtu mwenye ngozi imelowa mwili wake unaeza kuwa na omu 1000 hivi, omu ni kipimo cha vile kitu kinazuia stima. Gawanya 240 kwa 1000 unapata 0.24 ya ampia, yaani miliampia 240. Hiyo ni kidogo kuliko yenye inapita kwa waya ya chaja ya simu yako, lakini kwa kifua ni ya kuua. Na zile slipas zinakata njia ya miguu peke yake, ukiwa umezivaa ushike bomba ya chuma umefungua njia ingine, na hiyo inapita kifuani moja kwa moja.

Kazi ya athi ni kuwa njia rahisi kuliko wewe. Chuma ya aini, ya friji, maji ya shawa, vyote vimefungwa na hiyo waya ndio laivu ikivuja ipite hapo, isikungoje wewe.

Hatua ya 1: boksi ya breka

Tafuta boksi yenu, kwa ploti nyingi iko juu ya mlango ama kwa korido karibu na mita. Fungua kile kifuniko cha plastiki tu. Unatafuta swichi moja pana kuliko zingine, iko na batani ndogo imeandikwa T ama TEST, na mahali imeandikwa 30mA ama 0.03A. Hiyo ni RCD, swichi ya kukata stima ikivuja. Bonyeza hiyo batani. Swichi ikiruka na nyumba ikizima, vizuri, irudishe juu. Ukibonyeza na haifanyi kitu na stima iko, imekufa, na ni lazima ibadilishwe.

Kama haiko kabisa usishangae, nyumba nyingi za kukodi nimeingia sijaiona. Na hapa ndio nataka usome polepole, ju hata mafundi wengine wanakosea: breka ya kawaida haikulindi wewe, inalinda waya isiungue. Breka ya 32 inangoja zaidi ya ampia 32, na wewe unakufa na robo ya ampia. RCD inafanya kazi tofauti, inapima stima imetoka na laivu na ile imerudi na nyutro, zikikosa kulingana kwa miliampia 30 inajua kuna mahali inavuja, pengine kwa mtu, na inakata kabla sekunde moja iishe, kwa kawaida chini ya theluthi moja ya sekunde. Tena RCD inaeza kukuokoa hata athi ikiwa imekatika, ju haiangalii athi, inaangalia hizo mbili. Lakini ukishika laivu mkono mmoja na nyutro mkono mwingine umesimama kwa kitu kavu, hapo haitakuona, itadhani wewe ni balbu.

Hatua ya 2: plagi zako

Plagi yetu ya pini tatu tulirithi kwa Waingereza, wenyewe wanaiita BS 1363. Ile pini ya juu ni ndefu makusudi, inaingia ya kwanza na kutoka ya mwisho, ndio athi iwe imeshika kabla laivu ifike. Pia ndio inafungua vile vifuniko vya mashimo ya chini. Sasa, nani hajawahi sukuma kifuniko cha bairo kwa hilo shimo la juu ndio aingize plagi ya pini mbili? Mimi pia nimefanya nikiwa kijana. Acha. Ukifanya hivyo kwa aini ama heta umeiwasha bila athi, na pini zenyewe zinakaa legelege zinachemka.

Chaja ya simu haina shida kukosa athi, angalia iko na alama ya mraba ndani ya mraba mwingine, maana yake imefunikwa mara mbili. Laptopu ya chuma ikikutekenya ukipitisha kidole huku inachaji, mara nyingi ni ile adapta inakosa athi, kuna kastima kadogo sana kanavuja na hakana pa kwenda. Haikuui, lakini kama adapta ni ya pini tatu za chuma inaeza kuwa dalili soketi yako haina athi, kwa hivyo usipuuze.

Ukifungua plagi (imetolewa kwa ukuta!) kahawia ni laivu na inakaa upande wa fyuzi, buluu ni nyutro, kijani na manjano ni athi. Nyumba za zamani waya ya ukutani ni nyekundu na nyeusi, nyekundu ndio laivu. Ila chunga, kwa kebo mpya za fezi tatu, zile ziko na laivu tatu, nyeusi pia ni laivu. Usiamini rangi, amini kipimo.

Hatua ya 3: kipima soketi

Enda maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue uitishe kipima soketi, ni kama plagi iko na taa tatu na maelezo ya taa nyuma. Ingiza kila soketi ya nyumba, andika kwa karatasi. Kitakwambia kama laivu na nyutro zimebadilishana, ama athi haiko.

Kikisema sawa, usisherehekee bado. Kuna mchezo nimekuta mara nyingi kuliko ningependa: fundi ameambiwa soketi haina athi, badala ya kuvuta waya anachukua kipande kifupi anaunganisha nyutro na athi hapo hapo nyuma ya soketi. Kipima kinawaka vizuri, landilodi anafurahi. Halafu siku moja nyutro inalegea mahali, na laivu inapitia ndani ya friji, inapita hicho kipande, inakuja kukaa kwa mwili wa friji volti 240 zote. Yaani athi yenyewe ndio inaleta stima. Afadhali soketi isiyo na athi kabisa.

Hatua ya 4: kumshika huyo fundi na multimita

Hii ni ya mwenye anajua kutumia multimita. Kama hujui, ruka. Weka kwa volti za AC, 600 ama 750, na hakikisha waya nyekundu haiko kwa lile shimo la ampia, ju ukipima soketi ikiwa hapo kitalipuka mkononi. Angalia waya za kipima hazijapasuka.

Kwa soketi dabo, pima upande mmoja. Laivu na nyutro iwe 240 hivi, ikicheza juu chini kidogo ni kawaida ya mtaa. Laivu na athi iwe karibu hiyo hiyo. Ukipata kitu kama 90 ama 130 na namba zinayumba, athi imekatika mahali. Halafu pima nyutro na athi, huku ukiwasha keto kwa upande ule mwingine wa hiyo soketi. Keto ya wati 2000 inavuta ampia 8 na kitu, kwa hivyo nyutro inabeba mzigo na athi haibebi, lazima kutokee tofauti kidogo, volti moja, mbili, tatu. Ikibaki sufuri kabisa hata keto ikiunguruma, shuku kile kipande kifupi. Usifungue mwenyewe, ita mtu.

Ile testa ya bisibisi yenye taa ndani mimi natumia kusema "stima iko". Kusema "haiko" situmii, ju taa yake inawakishwa na mwili wako, na ukiwa umesimama kwa kiti ya mbao ama kwa jua kali unaeza usione kitu na laivu imejaa.

Hatua ya 5: rodi

Muulize keretaka rodi ya athi, ile chuma ndefu imepigiliwa udongoni, iko wapi, kwa kawaida kuna kashimo kamejengwa kando ya ukuta na kifuniko. Usishike, angalia tu. Je, waya imefika, klempu ya kuishika imekaza, ama imeoza rangi ya kijani? Pande za Embakasi kwenye blakikotoni, ule udongo mweusi, kiangazi udongo unapasuka mpaka unaachana na rodi.

Na hata ikiwa safi, rodi pekee haitoshi. Sema rodi yako ina omu 40, na hiyo si mbaya sana. Laivu ikigusa chuma, 240 gawa 40 ni ampia 6. Breka ya shawa ya 32 hata haitashtuka, na chuma itakaa na stima siku nzima. RCD ya miliampia 30 ikiona hizo ampia 6 inaruka papo hapo. Ndio maana landilodi akikwambia "rodi si iko", mjibu ndio, na RCD?

Hatua ya 6: shawa sasa

Shawa nyingi za instanti koili yake iko uchi ndani ya maji. Ndiyo, maji yako yanagusa waya ya moto. Waya ya athi ya shawa iko hapo kukusanya hiyo stima kabla maji yatoke kwa kichwa, kwa hivyo kuikata ni kama kutoa breki kwa matatu. Kama maji ya ploti ni ya borehole yenye chumvi, yanapitisha stima zaidi, mwambie muuza hadwea unataka ile ya maji ya chumvi, koili yake imefunikwa.

Shawa ya wati 5500 inavuta karibu ampia 23. Inataka waya yake peke yake kutoka kwa boksi, mimi naweka ya milimita 6, na swichi ya dabo-poli nje ya bafu yenye inakata laivu na nyutro pamoja. Ukikuta imeunganishwa kwa soketi ama swichi ya taa, na plastiki ya swichi imegeuka kahawia, zima kwa boksi na usiwashe tena. Hii hatua yote ni ya fundi, wewe kazi yako ni kuangalia na kuuliza, na kuitisha kadi yake ya leseni kabla apande ngazi.

Kabla nisahau, mtu akishikwa na stima usimguse. Zima meni swichi kwanza. Kama huifikii msukume na kitu kavu ya mbao ama plastiki, na wewe simama kwa kitu kavu. Hapumui, anza kubonyeza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, na mwingine apigie ambulensi, Red Cross ni 1199. Waya ya barabarani ikianguka hata usiikaribie, hiyo ni ya Kenya Power, 97771.

Yule mama wa Kasarani, nilipozima nikafungua shawa yake nilikuta waya ya athi imekatwa fupi, imefungwa tepu nyeusi, imesukumwa ndani ya ukuta. Ilikuwa imefika mpaka hapo, ilibaki inchi nne tu. Tukaunga, tukaweka RCD, nikabonyeza T mbele yake nyumba ikazima, akacheka. Slipas bado ziko mlangoni. Anasema sakafu ni baridi.