Somo: Kuhama kutoka darubini ya milimita 60 hadi ya 80, kwa watazamaji wa ndege wa Mida

Ndugu wanachama, tangu Septemba, ndege wahamiaji walipoanza kurudi Mida Creek, hori letu la bahari karibu na Watamu, swali ni lile lile: je, inafaa kuacha darubini ya mguu, ile ya kusimamisha kwenye stendi, yenye lenzi ya mbele ya milimita 60, na kuchukua ya 80? Inafaa. Ila msinunue lenzi kubwa kwa ajili ya kuvuta ndege karibu zaidi. Nunueni kwa ajili ya mwanga.

Hatua ya 1: Piga hesabu. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya 60 ukiivuta mara 60, jichoni linaingia duara la mwanga la milimita 1 tu. Picha ina giza na rangi ya miguu inapotea. Ya 80 ukiivuta mara 40, unapata milimita 2. Tofauti hiyo utaiona alfajiri na magharibi, si saa sita mchana.

Asubuhi moja ya Januari niliwafuata vitwitwi wa mchangani, wale wa aina mbili wanaotusumbua sote. Kwa 60 walikuwa madoa ya kijivu yanayokimbia na kusimama. Kwa 80 nikaona mdomo: mmoja mrefu, mnene, na miguu ya kijani iliyofifia, mwenzake mdomo mfupi, miguu myeusi. Mabishano yakaisha pale pale.

Hatua ya 2: Stendi kwanza. Hapa ndipo nilipokosea. Darubini ya 80 hukaribia kilo 2, nami niliiweka juu ya stendi nyepesi ya kamera. Upepo ulipovuma, kila ndege akatetemeka, na msimu mzima ukanipita. Kama pesa ni chache, nunua stendi nzito mwaka huu na darubini mwaka ujao. Usiinue nguzo ya katikati, tanua miguu, ning'iniza mkoba chini yake, kisha keti.

Hatua ya 3: Jaribu kabla ya kulipa. Tafuta kitu cheupe mbele ya mikoko. Ukiona ukingo wa zambarau, kioo si kizuri. Yule ndege mweupe na mweusi mla kaa, anayechimba shimo la kiota mchangani huko Uarabuni na kuja kwetu kupumzika, ndiye kipimo changu. Wenye miwani, vaeni miwani yenu mnapojaribu.

Hatua ya 4: Fuata maji. Maji yakipwa, ndege wako mbali mno. Wakati wa bamvua, fika mapema, muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa; yatawasukuma mpaka kwako. Jua likishapanda, tope linapata moto na mazigazi yanaanza. Hakuna lenzi ya kuyashinda. Punguza ukuzaji hadi mara 20 au 30.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina darubini ya mikono tu. Nianze na 80 moja kwa moja?*
Kama unafika kwa gari, ndiyo. Kama unatembea kutoka barabarani, 65 utaibeba kila wiki, na ya 80 utaiacha nyumbani.

*Dada, lenzi yangu ya zamani iliota kuvu. Nifanyeje na hii mpya?*
Pole sana. Isikae kwenye mkoba wa ngozi. Itie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika. Chumvi na mchanga pulizia kwanza, ndipo ufute. Ukianza kufuta unaikwaruza. Na chagua iliyojazwa gesi ya naitrojeni na kufungwa isipitishe maji.

*Nikiwa na 80, nitasoma pete ambayo watafiti wamemvika mguuni ndege aliye mita 500?*
Herufi, hapana. Rangi za pete huenda ukazipata hewa ikiwa tulivu. Andika mpangilio wake, mguu wa kulia na wa kushoto, juu ya goti au chini, halafu tulia hapo hapo. Maji yakipanda atasogea.